Mtihani wa Serikali hauanzi mwezi wa sita

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, walipokuwepo wazazi, walimu na wafinalisti

Sisi tunaotembea katika vijiji kwa ajili ya masomo ya watoto hatukuja kuwafundisha jinsi ya kuwalea. Tumekuja kwa sababu kamati ilituomba tuseme wazi juu ya Exetat, na juu ya feza ya kasha ambayo mtaikatia shauri leo hii.

Tangu matokeo yatoke, maneno mawili yanazunguka sokoni, kwenye robine na hata nje ya kanisa. La kwanza linasema: “Shule ya Serikali imekufa.” La pili linauma zaidi: “Batoto ba wakimbizi njo banaangusha shule.” Neno hilo la pili tumelisikia kwa masikio yetu, na kuna watoto wenu waliolisikia ndani ya kalasi. Mtoto akisikia neno kama hilo mwaka mzima, mwisho ataliamini. Kwa hiyo tuliangalie vizuri.

Kwanza tujue mtihani wenyewe. Exetat iko Kongo tangu 1967. Ni mtihani mmoja kwa nchi nzima: mtoto wa Baraka na mtoto wa Kinshasa walio katika opsio moja wanaulizwa kwa kipimo kimoja. Iko na sehemu mbili. Ya kwanza inaitwa nje ya sesio. Humo mtoto anaandika disertasio kwa Kifaransa, na kuna pia mtihani wa kusema Kifaransa kwa mdomo na ule wa kazi za mikono kulingana na opsio. Sehemu ya pili ni sesio yenyewe, siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, masomo ya opsio, na lugha. Katika siku hizo nne mtoto anachagua jibu moja kati ya mengi, na mashine njo inasahihisha. Anayefikia 50 kwa 100 anapata diploma ya Serikali. Asiyefikia anarudia mwaka, ao anajiandikisha tena kama otodidakti.

Sasa tuje kwenye asilimia ya shule, ile inayosomwa kwa sauti kubwa kila mwaka. Tuseme kuna shule mbili. Kila moja ilianza humanite na watoto 40. Shule ya kwanza ilipeleka watoto 15 kwenye mtihani, na wote 15 wakapita. Shule ya pili ilipeleka 36, wakapita 24. Kwa kusikia tu, ya kwanza ina 100 kwa 100, watu wanaisifu. Ya pili ina karibu 67 kwa 100, watu wanaicheka. Lakini hesabuni diploma zilizoingia katika nyumba za watu: ya kwanza imetoa 15, ya pili imetoa 24. Na wale 25 wa shule ya kwanza wasiofika kwenye mtihani, wako wapi? Wako ziwani wanavua ndagala, wako shambani, ao wameolewa. Asilimia haiwataji.

Hatusemi kwamba kila shule yenye 100 kwa 100 inafukuza watoto wadhaifu. Kuna shule zinazofanya kazi nzuri kweli, na walimu wao wanastahili heshima. Tunasema hivi: mzazi akisikia asilimia, aulize pia walianza wangapi na wamefika wangapi. Bila maulizo hayo, asilimia inaweza kumsifu anayewaacha watoto njiani na kumtweza anayewavumilia.

Na lile neno juu ya watoto wetu waliorudi? Someni palmaresi ya shule. Mtaona jina, mtaona jinsia, mtaona asilimia. Hakuna pahali palipoandikwa nani alikuwa Nyarugusu, nani alikuwa Lugufu, nani hakuvuka maji hata siku moja. Kwa hiyo anayesema watoto wa wakimbizi wanaangusha shule hakuisoma hesabu yoyote. Anasema tu yaliyo moyoni mwake. Wazazi, msikubali neno hilo. Na msilijibu kwa kutukana wale waliobaki hapa wakati wa vita. Watoto wao wanakaa na wa kwenu kwenye banki moja, wanashindwa na maulizo yaleyale.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya. Kuna vizuizi vya kweli, na baadhi vinawagusa waliorudi zaidi ya wengine. Tutataja vitatu.

Kizuizi cha kwanza ni Kifaransa. Shule za Wakongomani kule makambini zilifuata programu ya Kongo, hilo mnalijua ninyi mliopitia huko. Lakini mtoto akitoka darasani alikutana na Kiswahili, na redio iliongea Kiswahili. Hapa nyumbani pia, ukivuka mlango wa kalasi ni Kiswahili na Kibembe. Sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 inaruhusu lugha zetu katika madarasa ya chini ya primeri, na ni vema mtoto aanze kuelewa kwa lugha yake. Lakini mbele ya Exetat ulizo litakuja kwa Kifaransa, hata ulizo la hesabu.

Tumeketi na wafinalisti wengi tukipitia maulizo ya miaka iliyopita. Mara nyingi mtoto anajua somo lakini hajui anaulizwa nini. Ulizo linasema “relevez”, yeye anadhani ni “calculez”. Ulizo limeweka neno dogo “sauf”, yeye analiruka, anachagua jibu lililo kweli wakati aliombwa lile lisilo kweli. Mtoto wa namna hiyo si mjinga. Anaanguka kwa sababu ya maneno kumi ao kumi na tano ambayo hakuna aliyemkalisha chini kumfasiria. Na maneno kumi na tano yanaweza kufundishwa ndani ya majuma mawili.

Kizuizi cha pili ni karatasi. Hiki njo chetu sisi waliorudi kuliko cha mtu mwingine. Kila mwanafunzi anapaswa kuandikishwa na huduma ya Serikali inayowatambulisha wanafunzi. Jina litakaloingia kule njo litakalomfuata mpaka kwenye diploma. Sasa tumeona binti mwenye majina matatu: kwenye karatasi ya mgawo wa kambini liliandikwa kama karani wa kule alivyolisikia, kwenye biletini wakaongeza jina la babu, kwenye atestasio ya kuzaliwa mwaka ni mwingine. Wote watatu ni yeye, lakini kwa ofisi ni watu watatu. Jina likikosewa wakati wa kuandikisha, kulisahihisha mapema ni kazi ya kwenda kuona prefe na kalamu. Diploma ikishatoka, ni safari, ni barua, ni feza, na mara nyingi ni kukata tamaa.

Pia wako watoto waliorudi bila biletini, ao wenye biletini za mfumo wa nchi nyingine. Hao wanapaswa kupeleka karatasi zao kwenye inspeksio ili kalasi yao itambuliwe. Jambo hilo linachukua muda. Mzazi anayelikumbuka mwezi wa nne amechelewa.

Kizuizi cha tatu ni feza na saa. Elimu ya bure iliyoanza mwezi wa tisa 2019 ni ya primeri. Sekondari bado inalipwa, na finalisti anaongezewa feza ya kushiriki mtihani. Tena walimu wengi wangali hawajaandikwa kwenye lisiti ya mishahara ya Serikali, wanaishi kwa kile mnacholeta ninyi. Msimu wa kulima ukifika, feza hakuna, mtoto anarudishwa nyumbani. Anakosa juma moja, analipa nusu, anarudi, anafukuzwa tena. Mwisho wa mwaka ameandikwa finalisti, lakini ukikusanya siku alizosoma ni chache. Kwa mabinti saa ni tatizo lingine. Kijana akitoka shuleni anaweza kushika daftari. Binti anashika bidoni, kisha mtoto mdogo, kisha sufuria. Anapokaa kusoma giza limeingia na taa haiko. Baba, hapa hatuhitaji shirika wala Serikali. Ni kugawa kazi upya ndani ya nyumba, ili ndugu zake pia wateke maji.

Tuseme kidogo juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: kununua majibu. Wako wanaopita na kuomba wazazi feza, wakisema wako na njia. Wapendwa, kwenye chumba kimoja watoto wanapewa maulizo ya seri tofauti, kwa hiyo jibu la jirani yako laweza lisiwe la kwako. Simu hairuhusiwi kuingia. Aliyekuuzia majibu ya uongo, utamshitaki wapi? Na hata mtoto akipita kwa njia hiyo, atafika Chuo Kikuu bila kujua kusoma ukurasa mmoja wa Kifaransa, atarudi nyumbani mwaka wa kwanza. Feza hiyo ingetosha kununua mafuta ya taa na madaftari ya mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye shauri la leo. Desturi ya chama imekuwa hii: kasha linakusanya mwaka mzima, halafu mtihani unapokaribia linalipia finalisti wasio na uwezo. Desturi hiyo ni ya upendo, na iko na watu hapa wenye diploma kwa sababu yake. Lakini wazee walisema ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Tukimlipia mtoto mlango wa mtihani bila kumsaidia kusoma, tumemnunulia nafasi ya kuanguka. Kwa hiyo tunaomba mkutano ufikiri juu ya mambo manne.

Moja: mwezi wa kumi, kamati ipite kwa kila finalisti na kulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye karatasi zote, kabla shule haijapeleka lisiti. Kazi hiyo haiombi feza nyingi. Inaomba watu watatu wanaojua kusoma vizuri na wasiochoka kutembea.

Mbili: kasha ligawanywe. Sehemu moja ibaki kwa feza ya kushiriki, na ilipwe kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, kwa risiti, kama tunavyocheza likelemba. Sehemu nyingine inunue taa za jua na maulizo ya miaka iliyopita, viwekwe pahali pamoja panapojulikana.

Tatu: wafinalisti wakutane mara tatu kwa juma kusoma pamoja, waliorudi na waliobaki, bila kubagua. Kati yetu wako waliosoma mpaka Chuo Kikuu; kila mmoja atoe jioni moja. Waanze na yale maneno ya maulizo, kisha disertasio, kwa sababu disertasio inakuja kabla ya sesio na wengi wanaikuta hawajawahi kuandika hata moja. Mabinti wakutane mchana, wafike nyumbani kabla ya giza.

Nne: kamati ya wazazi imwombe prefe, kwa heshima, hesabu tatu kila mwaka: walioanza humanite, waliofika mtihani, na waliopata diploma, wavulana kando na wasichana kando. Hesabu hizo zibandikwe ukutani. Hapo tutajua shule inakwenda mbele ao inarudi nyuma, na neno la sokoni litakosa nguvu.

Kwenu wafinalisti tuna neno moja. Siku matokeo yatakapotoka, wengine watamwagiwa unga mweupe kichwani na watu wataimba njia nzima. Tunawatakia wote furaha hiyo. Lakini atakayekosa asijifungie nyumbani wala asikimbilie kwenye machimbo ya zahabu. Arudi kwenye kikundi, kiti chake kitakuwa pale.

Wazazi, mlivuka ziwa mara mbili, kwenda na kurudi, na kwenye mizigo mingi tuliona biletini za watoto zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili zisilowe. Aliyetunza karatasi hiyo kwenye mashua hatashindwa kumtafutia mwanawe saa mbili za kusoma kila siku. Shauri liko mikononi mwenu. Kamati iko na kitabu mezani: anayeweza kutoa jioni moja kwa juma aandike jina lake kabla hatujatawanyika.