MKONO HAUKANI NDUGU

Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Juma hili tutazame taifa lililoukataa udugu, na neno moja dogo lililotoa ushahidi.

Neno lenyewe ni "kéz". Kwa Kihungaria maana yake ni mkono, toka kifundo hadi vidoleni. Sisi husema mwanangu, mwanao, mwanawe, tukimtaja mwenye mwana mwishoni mwa neno. Mhungaria hufanya vivyo hivyo kwa mkono wake: "kezem" ni mkono wangu, "kezed" mkono wako, "keze" mkono wake, awe mwanamume au mwanamke. Irabu iliyokuwa ndefu imefupika. Akitaka kusema mkononi mwangu, neno moja linamtosha: "kezemben".

Je, neno hili lilitoka wapi? Wajerumani na Waslavi ni majirani wa Hungaria, lakini kwao halimo. Liko mbali kaskazini. Wafini huita mkono "käsi", na Wasami wa kaskazini "giehta". Wala si bahati nasibu. Maji kwa Kihungaria ni "víz", kwa Kifini "vesi". Asali ni "méz", na kwa Kifini "mesi" ni majimaji matamu ya maua. Palipokuwa na sauti ya t zamani katikati ya neno, Wahungaria wakaweka z. Mpangilio wa namna hiyo ni alama ya ukoo.

Mwaka 1769, padri János Sajnovics alikuwa Vardø, kaskazini mwa Norwe, pamoja na mnajimu Maximilian Hell, kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Huko akawasikiliza Wasami, na mwaka 1770 akachapisha kitabu kuonyesha kwamba lugha yao na Kihungaria ni ndugu.

Nyumbani wengi walichukia. Walijihesabu wajukuu wa Attila na wapiganaji wa farasi. Vipi leo wapewe ndugu wavuvi, wanaonuka mafuta ya samaki?

Lakini neno halina cheo. Bidhaa ngeni huja na jina lake kutoka kwa mgeni. Mkono kila mtu anazaliwa nao, na jina lake hurithiwa kwa mama. Ndiyo maana anayetafuta asili ya lugha, iwe yao au yetu, asianzie sokoni wala ikulu. Aanzie mwilini: mkono, jicho, jino. Mwenye kiburi anaweza kumkana ndugu yake, lakini kila akifungua kinywa anamtaja.