Ugumu wa Kuacha Kamari

Wasikilizaji, leo tumekusudia kunena habari ya kamari, wala si kwa kuwatukana waichezao. Matusi wameyasikia mengi nyumbani mwao. Twataka kutazama jambo moja tu: kwa nini mtu aliyekwisha kuiona hasara yake, akalia, akaapa, hurudi tena Jumamosi ifuatayo.

Wengi husema ni ujinga, na kwamba mtu huyo angalijua hesabu angaliacha. Haya, na tuitazame hesabu. Gurudumu la kamari la Ulaya lina vijumba 37, tangu sifuri hata 36. Mtu akiweka shilingi moja juu ya kila namba atatoa shilingi 37. Namba moja itatokea, naye atapewa shilingi 36. Shilingi moja imekwenda kwa mwenye nyumba. Mtoto wa shule aweza kuifahamu hesabu hiyo, walakini kuifahamu si kupona.

Shahidi wetu ni Fyodor Dostoevsky, mwandishi mashuhuri wa Urusi. Mwaka 1866 alitunga kwa siku 26 hadithi ya mcheza kamari, akiitamka kwa kinywa, na binti mmoja, Anna Snitkina, akiiandika kwa hati ya mkato. Humo ameyaeleza maradhi yenyewe, hata namna mgonjwa anavyojidanganya. Mwaka 1867 akamwoa binti yule; na mwaka ule ule, mjini Baden-Baden, akaweka rehani vipuli vya mkewe, na nguo, na hata pete ya ndoa, ili apate fedha za kuchezea. Basi elimu ilimfaa nini?

Aliendelea vivyo hivyo hata mwaka 1871, alipopoteza fedha mjini Wiesbaden, akamwandikia mkewe kwamba ndoto iliyomtesa karibu miaka 10 imekwisha. Ahadi alikuwa amezitoa nyingi kabla ya hiyo. Safari hii aliitimiza, hata akafa mwaka 1881. Lakini tusisahau kwamba mwaka ule wa 1871 alirudi kwao Urusi, mbali na meza zile, na mwisho wa mwaka 1872 nyumba za kamari za Ujerumani zikafungwa kwa sheria. Mlango kufungwa si msaada mdogo.

Mtego mkali kuliko yote ni ule wa kukosa kidogo. Mtu amebashiri mechi 13, zimetimia 12. Kwa hesabu amepoteza; kwa moyo wake amekaribia, naye aliyekaribia hulala akiwaza kesho. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliiweka kamari katika fungu moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na kwa maoni yetu walifanya haki.

Jamaa nao, kwa huruma, humlipia deni. Huruma hiyo aghalabu humrudisha mezani, kwa kuwa ameona ya kwamba shimo lina wa kumtoa. Afadhali mshahara wake ushikwe na mkewe au nduguye kwa ridhaa yake, naye apewe nauli ya siku tu. Ni aibu kwa mtu mzima, twakubali. Lakini siku hizi meza ya kamari imo ndani ya simu, mfukoni mwake, nayo haifungwi hata usiku wa manane, wakati nyumba nzima imelala.