Akiba Ndani ya Masuke: Tujiandae kwa Siku za Dhiki



Sura ya 12 ya Kurani Tukufu yatusimulia jinsi Hadhrat Yusuf a.s. alivyofasiri ndoto ya mfalme wa Misri: miaka saba ya neema, kisha miaka saba ya dhiki. Kisa hiki twakijua tangu utotoni, lakini lipo jambo ndani yake ambalo twalipita upesi. Aliwaelekeza watu walime kwa bidii, na walichovuna wakiache ndani ya masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Maana yake ni kwamba akiba huwekwa wakati wa neema, tena huwekwa mahali ambapo si rahisi kuharibika wala kuchotwa ovyo.

Dhiki haipigi hodi. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, nchi iliyo mbali nasi. Lakini haikupita miezi mingi bei za ngano, mafuta ya kupikia na mbolea zikatufikia hata vijijini, na petroli jijini Dar es Salaam ikapita shilingi 3,000 kwa lita. Wakati huohuo ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya walikuwa wakipoteza mifugo kwa ukame wa misimu mitano mfululizo.

Basi tujiandae vipi? Kwanza ni moyo. Yako maradhi mawili: kudhani kwamba neema haitakwisha, na kukata tamaa inapokwisha. Dawa yake ni kutawakali kwa maana iliyo sahihi. Mtume Mtukufu s.a.w. alipoulizwa habari ya ngamia, alifundisha kwamba afungwe kwanza, kisha mwenyewe amtegemee Mwenyezi Mungu. Asiyefunga ngamia wake hajatawakali, amezembea tu.

Pili ni nyumba. Mume na mke wakae pamoja, waseme wazi kinachoingia na kinachotoka. Nyumba nyingi hazivunjwi na umaskini bali na siri: mmoja anakopa, mwingine hajui. Mikopo hii ambayo watu wameipa jina la kausha damu huanza kwa aibu ya siku moja na kuishia kwa kuuzwa kitanda na cherehani. Madeni madogo tuyalipe sasa tungali na nguvu, na harusi zetu tuzifanye kwa kadiri ya mifuko yetu.

Tatu ni ghala. Wakulima wengi huuza mavuno yote bei ikiwa chini, kisha hununua mahindi yaleyale kwa bei kubwa kabla ya msimu mwingine. Tutenge kwanza chakula cha nyumba. Mahindi yakaushwe vyema, na kipimo chake hakina gharama: tia mahindi machache na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, uitikise, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yaanikwe tena. Yakishakauka, yafungwe katika mifuko isiyopitisha hewa, na wadudu watakufa bila dawa.

Lakini tahadhari, ndugu zangu! Kuweka akiba ya watoto ni wajibu. Kuficha bidhaa ili bei ipande na jirani aumie ni dhuluma. Katika mwaka wa 18 Hijria, njaa ilipoipata Madina, Hadhrat Umar r.a. aliagiza chakula kutoka Sham, naye mwenyewe akajinyima samli mpaka watu wapate nafuu. Hakula peke yake huku wengine wakilala na njaa. Nasi katika kila jamaa tuwajue mapema wajane, wazee na wagonjwa wetu, ili siku ya dhiki tusianze kuuliza nani ana njaa.

Ndugu zangu, masuke yetu ni yale tuliyo nayo leo, yawe machache au mengi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuyahifadhi kwa busara na kuyagawa kwa huruma. Amin.