Jicho la Mtoto Halingoji Arobaini

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Msambweni)



Leo tunataka tuseme juu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, yule wa miezi saba ama kasoro. Zamani mtoto huyo hakutegemewa kuishi. Siku hizi, kwa joto la kifua cha mama na hewa ya oksijeni, wengi wanaishi. Ni furaha, lakini kuna jambo.

Mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho hukamilika karibu na siku za kawaida za kuzaliwa. Mtoto akija mapema, na hasa oksijeni ikizidi kipimo, mishipa ile yaweza kuota ovyo, ikavuta retina mpaka ikabanduka. Kule Marekani na Uingereza, miaka ya 1940 na 1950, maelfu ya watoto waliokolewa kisha wakapofuka. Mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950, ni mmoja wao. Na ubaya wake, kwa nje jicho ni zima kabisa! Mama haoni neno. Weupe ukionekana ndani ya mboni, mara nyingi tumeshachelewa.

Tangu 1993 tunacho Kituo cha Macho cha Kwale, alichokianzisha Dk. Helen Roberts. Wengi wenu mnakijua kwa mtoto wa jicho wa wazee. Haya ya leo ni mengine, msichanganye.

Daktari wa kupima macho ya vichanga ni nadra. Kule Karnataka, Bara Hindi, Dk. Anand Vinekar na wenzake walianza njia yao mwaka 2008: mafundi waliofunzwa huzunguka hospitali za mashambani na kamera maalum, wanapiga picha ndani ya jicho, na daktari aliye Bangalore anazisoma na kujibu. Kichanga hatolewi safari ndefu ila akihitaji tiba. Njia hiyo yafaa tuiombe hapa kwetu.

Kipimo cha kwanza huwa kama wiki ya nne. Sasa hesabuni: arobaini haijaisha, mama bado yuko ndani! Ugonjwa ukikomaa, tiba ya leza hutakiwa kwa siku mbili tatu tu. Basi mama asitoke hospitali kabla ya kuuliza: "Macho yatapimwa lini, na wapi?" Tarehe iandikwe kitabuni. Kikundi nacho kiweke kando nauli ya matatu mpaka Likoni na kuvuka, isije ikatafutwa usiku.

Tunawaachia nafasi. Wazee waanze, maana neno la arobaini ni lao.