Kadi Mfukoni, Dawa Dukani

Nataka kuzungumzia siha ya vijana wetu walioko vyuoni, na hasa wale wanaosoma Kizumbi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, katika tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, pamoja na wenzao wa vyuo vingine ambao kila likizo ndefu huja Kahama na Geita kwa mafunzo ya vitendo.

Kijana wa chuo akiamka na homa, kichwa kikimgonga na viungo vikimlegea, aghlabu haendi hospitali. Humweleza mwenzake wa chumbani, naye humpa Panadol mbili. Na jioni, homa isipotulia, hupita duka la dawa muhimu lililo njiani, akayataja maradhi yake kwa sauti ya chini kwa kuwa nyuma yake wapo wateja wengine, akaondoka na dawa mseto ya malaria bila ya kuchomwa kidole akapimwa. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne mara mbili kwa siku, kwa muda wa siku 3; lakini siku ya pili, mwili ukishachangamka, vilivyosalia hufungwa karatasini vikawekwa chini ya godoro, kungojea homa ijayo au rafiki atakayeugua. Na haya hutendeka katika mkoa wa Shinyanga, ambao uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5 ikikaribia asilimia 16, takriban maradufu ya wastani wa nchi nzima. Huu ni mkoa ambao homa haifai kubahatishwa, kwani ikiwa ni malaria yataka dozi kamili, na ikiwa si malaria, basi maradhi yenyewe yanaendelea kujijenga mwilini ilhali mgonjwa anajidhania amekwisha kujitibu.

Wazee wenzangu husema upesi kwamba vijana wa siku hizi ni wazembe. Mimi siafiki. Kijana huyu bima anayo: kwa miaka mingi mwanafunzi wa chuo ametozwa shilingi 50,400 kwa mwaka kuingia katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, akazilipa pamoja na ada nyinginezo siku ya kujisajili, katika msongamano wa foleni na fomu, wala hapana aliyeketi naye kumweleza kadi ile inapokewa wapi na inalipia nini. Gharama ya tabibu imekwisha kulipwa; iliyobaki ni gharama ya wakati, nayo ndiyo inayomshinda. Kutoka Kizumbi hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Mwawaza ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, itokayo katika shilingi 10,000 za siku ambazo Bodi ya Mikopo huwapa wanufaika wake kwa chakula na malazi. Na pengine ni nusu siku ya kungoja, ambayo huenda ikaangukia saa ya jaribio la darasani, na mwalimu asikubali udhuru mpaka aione karatasi ya ED, yaani ruhusa ya tabibu ya kupumzika. Duka la dawa halimwombi ED, wala halifungi saa tisa na nusu.

Kwa mabinti liko jambo zito zaidi, nalo ni sitara. Binti anayehitaji uzazi wa mpango, ambao katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo, anaogopa kuketi kwenye benchi la wazi akaonekana na jirani au muumini mwenzake, na anaogopa zaidi muuguzi atakayemuuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, kama ameolewa. Basi hununua P2, vidonge vya kuzuia mimba, dukani, mwezi huu na mwezi ujao, dawa iliyokusudiwa dharura ikageuzwa mazoea, ilhali haimkingi na virusi vya UKIMWI wala na maradhi mengine ya zinaa. Sithubutu kumlaumu binti huyo. Lawama ni juu yetu tuliolipanga benchi lile mahali lilipo.

Na wale wa Geita wana lao. Mwanafunzi anayejifunza kwa wachimbaji wadogo, huko Nyarugusu au Rwamgasa, hukaa mwezi mzima katika vumbi la mawe na karibu na zebaki inayochomwa ili dhahabu ibaki. Akirudi chuoni na kikohozi kilichopita wiki mbili, hununua dawa ya maji ya kikohozi, wala hapana aliyemwambia kwamba kikohozi cha muda huo hupimwa kifua kikuu, na kwamba kipimo na dawa zake hutolewa bure.

Wakuu wa vyuo wanaonisikiliza, nawasihi mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wenu. Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo, tengeni saa moja ya kuifundisha kadi ya bima kama mnavyofundisha kanuni za mitihani. Ombeni zahanati iliyo jirani na chuo ihudumie wanafunzi jioni, baada ya vipindi, na iwe na chumba chenye mlango unaofungwa. Na waagizeni walimu kwamba mwanafunzi aliyetoka kwa tabibu asipoteze alama za jaribio kwa sababu hiyo. Muhula mpya u karibu. Yaanzeni haya kabla wanafunzi wapya hawajafika.