Nyumba za Mjini na Miti ya Shamba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Majumbe, walimu, na wenyeji)



Leo twapenda kusema nanyi habari za nyumba za mjini na vyombo vya mbao vilivyomo. Huenda mtu akauliza, "Sisi watu wa shamba tuna haja gani na nyumba za Lamu na Unguja?" Jawabu ni hili: boriti za nyumba hizo zatoka katika mikoko ya pwani, na mbao za vitanda na makabati zatoka katika misitu ya bara. Mti ukikatwa vibaya shamba, hasara huonekana mjini. Na mnunuzi aliyedanganywa mara moja harudi tena.

Tazameni kwanza jinsi wazee walivyojenga. Kuta zao ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake hupata futi 1 na nusu au zaidi, hata joto la mchana halipenyi upesi. Katikati huachwa ua ulio wazi juu, ambao watu wa Lamu huuita kiwanda, ili hewa na mwanga viingie. Dari huchukuliwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hulemewa ikipita kadiri ya futi 8 hata 10, vyumba vile ni virefu lakini vyembamba. Fundi aliutazama mti kwanza, ndipo akapima chumba.

Mkoko hustahimili mchwa miaka mingi, ila adui yake ni maji. Dari ikivuja, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, mahali pasipoonekana kwa macho. Kwa hiyo yafaa dari itazamwe na kutiwa chokaa kabla ya masika. Tena wako wapakao saruji juu ya kuta za chokaa, wakidhani wazitia nguvu. Kumbe saruji huuzuia unyevu usitoke, nao huharibu ukuta kwa ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Unguja lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Nyumba kuukuu haifai kungojewa hata iwe mgonjwa mahututi.

Basi, boriti nyingine zitatoka wapi? Zamani majahazi yalizichukua kwa wingi kutoka Lamu na Rufiji hata Arabuni na Ghuba, na mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuzipeleka ng'ambo. Mkoko hukua polepole, lakini kuupanda si kazi ngumu: mbegu zake huchipua zingali mtini, nazo huokotwa na kuchomekwa katika tope. Akataye na apande.

Sasa twaja kwa seremala. Mninga wa Tabora na mvule ni mbao za sifa, lakini hata mbao njema huharibiwa kwa haraka. Mbao mbichi ikifanywa mlango leo, itajikunja na kupasuka kesho. Zipangeni mbao kivulini, juu ya magogo, na kati ya mbao na mbao tieni vijiti ili hewa ipite. Ncha zake zipakeni rangi zisipasuke. Kisha ngojeni miezi mingi, na mbao nene ngojeni zaidi.

Na katika kuunga, msitegemee misumari peke yake. Misumari hushika kutu, hasa pwani, na kiti hulegea. Seremala hodari hutoboa tundu kwa patasi, huchonga ulimi uingie sawasawa, kisha hupigilia kijiti cha mti mgumu. Kitanda cha namna hii mguu ukivunjika hubadilishwa mguu tu, na kamba zikichakaa husukwa upya. Mti mmoja hutumikia baba na mwana.

Basi twawaomba Majumbe wawakataze watu kukata miti michanga. Walimu wawafundishe watoto kutumia randa na patasi, na kupanda miti. Nanyi wenye kuuza mbao, msiuze mbichi kwa jina la kavu. Mkifanya hivyo, misitu itabaki, na kazi ya mikono yenu itatafutwa mjini.