Hapana kufuta dosie yote juu ya foto moja

Maneno kwa vijana wanaochunga foto za kazi zetu, Butembo



Niliombwa kusema ginsi gani tunachunga foto zetu. Nitaanzia mu ile mangaribi tulikaribia kupoteza foto 612.

Mnakumbuka ile kazi. Siku ine tulizunguka avenue kwa avenue, tukapiga foto kila bomba la maji: lenye kutoa maji, lenye kukauka, lile watu walifunga na kamba. Foto zote tukaziweka mu ordinatere moja ya okazyo, yenye Linux Mint. Kesho yake asubuyi dosie ilipashwa kufika kwa biro moja ambayo ilishatuambia mara mbili: "Leteni kwanza ushahidi."

Nikafungua dosie. Foto ndogo ndogo zikaanza kutokea, moja, mbili, kumi, kisha paf! Dirisha likafungika. Nikarudia. Vilevile. Dosie ya barua ilifunguka sawa, ya miziki sawa. Ile ya foto tu njo ilikuwa inaua programu.

Sasa sikilizeni vile watu walisema. Mmoja: "Ni virusi, tufanye formata." Mwingine: "Ordinatere imezeeka." Na yaya mwenye kutuazima karte ya memwari alikuwa tayari kuifuta, juu alikuwa na harusi ya kupiga foto siku ya posho. Nilimwambia: yaya, tafazali, hapana kugusa kitu. Kama angeifuta, mwandiko wetu wa pili wa zile foto ungeisha palepale.

Kwa nini dosie moja inaangusha programu? Watu wengi wanafikiri kufungua dosie ni kusoma majina tu. Hapana. Programu inayoonyesha dosie (mu Linux Mint inaitwa Nemo) ikikuta foto, inaifungua yenyewe, inaisoma mupaka ndani, inatengeneza kafoto kadogo ka kukuonyesha. Weye haujabofya foto hata moja, lakini yeye amekwisha kufungua zote. Basi kama moja imeharibika vibaya, msomaji anajikwaa pale na programu yote inaanguka naye. Kwa kawaida, foto ikimushinda anaandika pembeni "hii imenishinda" ili asiirudilie. Lakini kama anakufa mbele ya kuandika, kila mara utafungua dosie atarudi kufia palepale. Njo maana kuzima na kuwasha ordinatere hakukusaidia kitu.

Tulifanya hivi. Kwanza tulikopya dosie yote mu kle, na terminale, kwa amri ya cp. Terminale haichori foto ndogo, inabeba fishie tu vile iko, njo maana haikuanguka. Toka pale tulifanya kazi mu kopi, ya kwanza ikabaki.

Kisha, mu terminale, niliandika nemo -q ili programu ifungike kabisa, halafu nemo ili ifunguke tena nikiangalia inasema nini. Nikabofya dosie, ikaanguka, na chini ikabakia maneno: Erreur de segmentation. Maana yake programu iligusa mahali mu memwari haina ruhusa ya kugusa. Haikusema diski imejaa, haikusema dosie imefungwa. Yule wa formata akanyamaza kidogo.

Tukaingia mu Préférences, pale panasema juu ya vignettes, tukachagua jamais. Dosie ikafunguka mara moja! Majina yote 612, bila foto ndogo. Watu wakapiga mikono. Wengi wanaishia hapo, na kusema kweli, kama una haraka, inatosha: kazi inaendelea. Lakini ile foto mbaya bado iko ndani, na mutu mwenye kupokea dosie, kama ordinatere yake inafanana na yetu, itaanguka vilevile. Biro ile ingesema tumewaletea virusi.

Basi tukaitafuta. Hapana kwa kufungua foto moja moja, utalala hapo. Tuligawa dosie mu mbili: 306 huku, 306 kule. Tukarudisha vignettes, tukafungua nusu ya kwanza: sawa. Nusu ya pili: paf. Basi mbaya iko mu ya pili. Tukaigawa tena, 153 na 153. Tena, tena. Kwa foto 612, ukikata nusu hivi, mara kumi hazipite umefika kwa moja. Tulitumia kama nusu saa, na umeme ulikatika mara moja katikati.

Tuliifungua na programu ingine ya foto. Juu, mbingu na paa la nyumba vinaonekana vizuri. Toka katikati mupaka chini, rangi ya majivu tupu. Foto ya JPEG inaandikwa toka juu kwenda chini, na mwisho wake kuko alama ya kusema "nimeisha". Hii haikuwa nayo. Mutu alichomoa karte mbele ya kukopya kuisha. Ni miye, nakubali mbele yenu. Nilikuwa na haraka ya kupata moto.

Jambo moja ingine, juu sisi ni watu wa kutumiwa mafoto na watu hatuwajue. Mu mwezi wa 9 wa 2021, watafiti wa Citizen Lab, Toronto, walitangaza kwamba mu iPhone ya mwanaharakati mmoja wa Saudi Arabia waliona fishie zenye jina la .gif ambazo ndani hazikuwa GIF. Zilitumika kuingiza Pegasus, programu ya upelelezi, bila mwenye telefone kubofya kitu. Mu mwezi wa 9 wa 2023 kosa likaonekana mu libwebp, inayosoma foto za WebP, na Chrome na Firefox zote zikalazimika kutoa mise à jour. Sisemi kila dosie yenye kuanguka ni upelelezi. Yetu ilikuwa uzembe. Lakini megabaiti za mise à jour, musizionee bakhili.

Na foto yenyewe? Dada aliyeipiga alikuwa bado nayo mu telefone. Alitaka kuituma kwa WhatsApp, nikamwambia atume kama document, juu ikipita kama foto ya kawaida WhatsApp inaipunguza na kuondoa tarehe na saa vilivyoandikwa ndani. Akaituma vile. Chini ya paa, pale kwetu palikuwa majivu, kulikuwa mustari wa mabidon ya njano, na watoto wawili wamekaa juu yake. Asubuyi tulipeleka zote 612.